Biashara ya seli shina yawatafuna waliofaulu

Mwaka 2018 kampuni ya bluebird bio ya Marekani ilifikia thamani ya zaidi ya dola bilioni 10 kwenye soko la hisa, na wakati huo haikuwa na tiba hata moja iliyoidhinishwa. Mwaka 2025, ikiwa na tiba tatu zilizopitishwa na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo (FDA), mojawapo ya selimundu, ilinunuliwa na kampuni za uwekezaji za Carlyle na SK Capital kwa bei isiyofika dola milioni 50. Tumezoea kuona fedha zikimfuata aliyefaulu. Hapa maabara ilitimiza ahadi yake na vitabu vya hesabu vikaporomoka. Wachambuzi wa hisa hulaumu uongozi, riba ya mikopo, au bima zinazosuasua kulipa, na kila sababu ina chembe ya ukweli. Lakini naona mzizi wa tatizo uko chini zaidi ya hapo. Tiba nyingi za seli shina ni kazi ya hospitali, nazo zimepangiwa bei na kuuzwa kana kwamba ni vidonge.

Kidonge kina hesabu yake: utafiti hugharimu mabilioni, kisha kidonge cha milioni moja hakimgharimu mtengenezaji karibu chochote. Faida hutoka katika wingi. Tazama sasa Casgevy, tiba ya selimundu ya Vertex na CRISPR Therapeutics iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Seli shina za damu hukusanywa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, husafirishwa kiwandani, vinasaba vyake huhaririwa, hupimwa, hugandishwa, na shughuli hiyo huweza kuchukua hadi miezi sita. Kisha mgonjwa hulazwa, uloto wake wa zamani huuawa kwa dawa kali ya busulfani, hurudishiwa seli zake, na hubaki wodini kwa wiki kadhaa akilindwa dhidi ya maambukizi. Mgonjwa wa pili huanza upya kutoka hatua ya kwanza, kwa sababu seli za mwenzake hazimfai. Bei ya Marekani ni dola milioni 2.2, nayo haijumuishi wodi. Lyfgenia, mshindani wake kutoka bluebird, iliwekwa dola milioni 3.1. Kiwanda cha namna hii hakipati ile ahueni ya gharama ambayo wingi humletea mtengenezaji wa panado.

Mfano ulio wazi kuliko wote uko Italia. Strimvelis, tiba ya watoto wanaozaliwa bila kinga ya mwili kwa kasoro ya kimeng'enya cha ADA, iliidhinishwa Ulaya mwaka 2016 ikiwa mali ya kampuni ya dawa ya GSK, kwa bei ya euro 594,000. Ilikuwa ikitolewa katika hospitali moja tu, San Raffaele ya Milano, na bara zima halina zaidi ya watoto kumi na kitu kwa mwaka wenye maradhi hayo. GSK iliikabidhi kwa Orchard Therapeutics mwaka 2018. Orchard nayo ikatangaza kuachana nayo. Tiba ilifanya kazi, watoto walipona, ila haikuwa na mwenyewe. Mwaka 2023 ilichukuliwa na Fondazione Telethon, taasisi ya hisani ambayo ndiyo iliyogharimia utafiti wake tangu mwanzo. Kwa maneno mengine, tiba ilizunguka kwa wenye mitaji na kurejea kwa wafadhili ilikotoka, na mtambo wa kuitoa ulibaki palepale hospitalini.

Si kila anguko katika sekta hii ni la aina hiyo, na ni vema kutenganisha. Alofisel ya Takeda iliondolewa Ulaya mwaka 2024 baada ya jaribio kubwa la pili kushindwa kuonyesha manufaa. HeartSheet ya Terumo, iliyopewa idhini ya masharti nchini Japani mwaka 2015, iliishia vivyo hivyo. Hizo ziliangushwa na ushahidi, na ndivyo inavyopaswa. Ninazozungumzia ni zile zilizoangushwa na hesabu ilhali ushahidi ulikuwa upande wake.

Wakati huohuo tiba kongwe ya seli shina inaendelea bila kelele. E. Donnall Thomas alichapisha matokeo ya kwanza ya kupandikiza uloto mwaka 1957 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Kufikia mwisho wa 2012 dunia ilikuwa imeshafanya upandikizaji zaidi ya milioni moja. Hakuna kampuni inayoumiliki. Hospitali hutoza kitanda, dawa, maabara na ujuzi wa watu wake. Na haujasimama: kwa selimundu, kikwazo cha zamani kilikuwa kumpata ndugu anayefanana kikamilifu, nafasi ambayo kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja ni moja kati ya nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 ya watu wazima 42 waliopandikizwa seli za ndugu au mzazi wanaofanana nusu tu yalionyesha asilimia 95 wakiwa hai baada ya miaka miwili. Dawa iliyofungua mlango huo ni saiklofosfamaidi, ya miaka ya 1950, isiyolindwa na hataza yoyote. Hakuna hisa iliyopanda siku hiyo.

Kwa Tanzania, ambako inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, tofauti hii ina uzito wa bajeti. Muhimbili ilianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ikaanza kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Hizo ni hospitali za umma, na fedha zinazowekwa huko hubaki katika mashine, wauguzi na maabara zitakazomhudumia mgonjwa wa kesho. Dola milioni 2.2 za dozi moja haziachi mtambo wowote nyuma yake.

Kuna wenye hoja nzito dhidi ya mtazamo huu. Wanauliza: bila matarajio ya faida, nani atagharimia majaribio? Jibu la historia ni kwamba umma ulikuwepo tangu mapema. Wapigakura wa California waliidhinisha dola bilioni 3 za utafiti wa seli shina mwaka 2004, na bilioni 5.5 nyingine mwaka 2020. Hoja ya pili ni ngumu zaidi: ukizipa hospitali uhuru wa kutengeneza seli, unawafungulia matapeli. Hofu hiyo haikuokotwa barabarani. Uchunguzi wa 2016 ulikuta biashara 351 Marekani zikitangaza tiba za seli shina moja kwa moja kwa wateja, na huko Florida wanawake watatu walipoteza uwezo wa kuona baada ya kudungwa machoni seli za mafuta yao wenyewe, kwa dola 5,000 kila mmoja. Lakini kliniki hizo zilistawi chini ya mfumo huuhuu wa kampuni. Zilichokosa ni majaribio na msimamizi. Hispania imeonyesha njia nyingine kwa jamaa wa karibu wa tiba hizi, seli za kinga dhidi ya saratani ya damu: Hospital Clínic ya Barcelona iliruhusiwa na mamlaka ya dawa mwaka 2021 kutengeneza yake kwa takriban euro 90,000, wakati za viwandani zilizidi 300,000. Leseni ilikuja na majaribio yaliyochapishwa na wajibu wa kufuatilia wagonjwa.

Ipo sehemu moja ambapo hoja yangu inalegea. Vertex iliinunua kampuni ya Semma mwaka 2019 kwa dola milioni 950 ili kukuza seli za kongosho kutokana na seli shina, zisizo za mgonjwa yeyote, zinazoweza kuzalishwa kwa mkupuo na kuhifadhiwa. Katika matokeo ya 2025, wagonjwa 10 kati ya 12 wa kisukari cha aina ya kwanza waliopewa dozi kamili hawakuhitaji tena insulini baada ya mwaka mmoja. Hiyo ni bidhaa ya kiwanda kwelikweli, na mwekezaji anayeiwekea fedha anajua anachonunua. Bado mgonjwa hulazimika kumeza dawa za kushusha kinga ya mwili ili seli zisikataliwe, kwa hiyo kwa sasa inawafaa wachache ambao sukari yao hushuka kwa hatari bila wao kuhisi dalili. Kikwazo hicho kikiondolewa, mtengenezaji ataweza kushusha bei kadiri wanunuzi wanavyoongezeka, jambo ambalo bluebird haikuweza kulifanya hata kwa tiba tatu.