Mbinu ya Ajaili na Kazi ya Timu katika Kutengeneza Programu

Mada hii huwasumbua watahiniwa kwa sababu moja: wengi hukariri fasili tu. Mtahiniwa akiambiwa aeleze mbinu ya ajaili, huandika kwamba ni mbinu ya kutengeneza programu kwa hatua ndogondogo, kisha anaweka nukta. Fasili hiyo si kosa. Lakini swali likigeuzwa kidogo, likauliza kwa nini hatua ziwe ndogo, au timu inanufaikaje, kalamu husimama. Kwa hiyo tuanze na hiyo "kwa nini".

Kosa lina bei, na bei hiyo hupanda kadiri siku zinavyopita. Fundi akigundua kwenye mchoro kwamba mlango umewekwa upande usiofaa, anafuta kwa kifutio. Akigundua msingi ukiwa umechimbwa, anafukia na kuchimba upya. Akigundua bati likiwa juu, anabomoa ukuta. Kosa ni lilelile. Kilichobadilika ni siku lilipoonekana. Kwa programu hali ni ngumu zaidi, maana ukuta kila mpita njia anauona, bali programu ambayo haijaanza kutumika anaijua aliyeiandika peke yake.

Kwa muda mrefu timu nyingi zilifanya kazi kwa mbinu ya maporomoko. Mahitaji yote hukusanywa kwanza, kisha hufuata usanifu, kisha kuandika programu, kisha kuijaribu, na mwisho kuikabidhi kwa mteja. Kazi hushuka kama maji ya maporomoko, hairudi juu. Winston Royce, Mmarekani anayetajwa sana mbinu hii inapozungumzwa, aliielezea katika makala yake ya mwaka 1970, na humohumo akaonya kwamba kuifuata bila kurudi nyuma ni hatari. Onyo hilo wengi walilipita. Kasoro yake unaweza kuiona mwenyewe: mteja anaonyeshwa kazi mwishoni, wakati bei ya kosa iko juu kabisa.

Mfano bora ninaoujua wa kazi iliyopangwa hivyo hauna kompyuta ndani yake. Unatoka katika somo la Historia, na sehemu yake ilifanyika Nachingwea. Ni Mpango wa Karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki chache tu, ukarudi na mpango wa mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Zidisha mwenyewe: ni ekari 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25 kwa miaka sita. Kwa Tanganyika maeneo yalikuwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hatua ya kuanza na shamba dogo la majaribio iliachwa, kwa hoja kwamba mafuta yalihitajika haraka.

Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika hata 10,000. Matrekta, mengi yakiwa mabaki ya vita, yaliharibika kwa kupambana na visiki, mizizi na mibuyu. Udongo wa kule una mfinyanzi, jua likiwaka hukauka ukawa mgumu, na karanga, kama ujuavyo, hukomaa ardhini. Zitang'olewaje? Mvua nayo haikutosha. Shamba la ekari mia chache, likilimwa misimu miwili, lingeyaonyesha yote hayo. Wenyeji wa Ugogo nao, ambao ndio walioijua mvua ya kwao, hawakuwa miongoni mwa waliopanga.

Kwa Nachingwea, tazama reli. Mkoa wa Kusini wa wakati huo haukuwa na reli wala bandari yenye kina cha kutosha, hivyo bandari ikaanza kujengwa Mtwara na reli ikavutwa hadi Nachingwea kabla haijajulikana kama mzigo wa karanga utakuwepo. Mzigo haukuja. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango ule, hasara ikiwa karibu pauni milioni 36. Bandari ya Mtwara ilipata kazi nyingine, na leo inapakia korosho. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa.

Wapo wanaosema Waingereza walishindwa kwa sababu hawakujua kilimo. Maelezo hayo naona hayatoshi, kwani wataalamu walikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya shamba kumwambia mpangaji mapema kwamba amekosea, naye akageuka kwa hasara ndogo. Ajaili ni jina la kazi iliyopangwa ili njia hiyo iwepo.

Februari 2001, watengenezaji wa programu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah nchini Marekani, wakaandika Tamko la Ajaili. Tamko lina misingi mikuu minne na kanuni kumi na mbili. Misingi hiyo inasema wao wanathamini watu na mawasiliano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka ndefu, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana naye juu ya mkataba, na kuyapokea mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Zingatia neno "kuliko". Mtahiniwa anayeandika kwamba ajaili haina mipango wala nyaraka amekosea. Mpango upo, ila hupitiwa upya kila baada ya muda mfupi.

Sasa tuone timu inavyofanya kazi. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale huuza korosho kupitia vyama vya msingi, yaani AMCOS, vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na wilaya hizo tatu. Korosho hupimwa, huingia ghalani, kisha mkulima husubiri mnada na malipo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, timu ya vijana watano imepewa kazi ya kuitengenezea AMCOS moja ya Ruangwa programu ya kutunza kumbukumbu za mizani.

Timu inatumia skramu, ambayo ni namna mojawapo ya kufanya kazi kwa ajaili. Mmoja wao ni msimamizi wa bidhaa: yeye husema kipi kinahitajika kwanza, na huweka mahitaji yote kwenye orodha moja kwa mpangilio wa umuhimu. Mwingine ni msimamizi wa skramu, ambaye huondoa vikwazo na kuhakikisha utaratibu unafuatwa, si bosi. Waliobaki ni watengenezaji. Kazi hugawanywa katika mizunguko mifupi, mara nyingi ya wiki mbili, isizidi mwezi. Mwisho wa kila mzunguko lazima kuwepo kitu kinachofanya kazi, hata kiwe kidogo, na kionyeshwe kwa mtumiaji.

Mzunguko wa kwanza wanatengeneza jambo moja tu: karani aandike jina la mkulima, namba yake ya simu, kilo na daraja la korosho. Programu inamtambua kila mkulima kwa namba ya simu, kwani vijana wameona hiyo ndiyo njia rahisi. Wanakwenda ghalani kumwonyesha karani. Karani anaitazama kidogo, anacheka, anasema: "Wanangu, hapa kuna nyumba ina simu moja. Baba analeta mzigo wake, mama wake, na bibi wake. Wote namba moja."

Ungekuwa mfumo wa maporomoko, kosa hilo lingeonekana siku ya malipo, kilo za bibi zikiwa zimeingia kwa mkwewe. Fedha hizo ndizo ada, sare na bati la nyumba, na kuzitenganisha baada ya msimu ni kesi ya kijiji kizima. Kwa kuwa limeonekana wiki ya pili, timu inabadilisha, mkulima anatambuliwa kwa namba ya uanachama, na kazi hiyo inakwisha kwa siku mbili. Mzunguko unaofuata karani anawaambia mtandao ukikatika foleni inasimama. Wanaiwezesha programu itunze kumbukumbu kwenye simu na kuzituma mtandao ukirudi. Hakuna hata mmoja kati ya wale watano ambaye angeyajua hayo akiwa amekaa mezani.

Historia ya karibu nasi ina ushahidi wa kweli wa jambo hili. M-Pesa, kabla ya kuzinduliwa Kenya Machi 2007, ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 kwa watu wachache, chini ya mia tano. Lengo la mwanzo lilikuwa kuwasaidia wakopaji kurejesha mikopo yao kwa simu. Waliokuwa wakijaribu wakaonekana wanaitumia kwa mambo mengine, hasa kutumiana fedha wao kwa wao. Timu haikuwalazimisha warudi kwenye mpango wa mwanzo. Huduma ilipozinduliwa ilijengwa juu ya jambo moja jepesi, kutuma pesa nyumbani, na mwaka 2008 ikafika Tanzania.

Tukirudi kwenye timu yetu, kuna sehemu ambayo vitabu vingi huipita haraka, nayo ndiyo ngumu: watu wenyewe. Kila siku timu hukutana kwa dakika zisizozidi 15, mara nyingi wakiwa wamesimama ili maneno yasirefuke. Kila mmoja husema alichofanya, atakachofanya, na kinachomkwamisha. Mwisho wa mzunguko hufanyika kikao cha kujitathmini: kipi kilikwenda vizuri, kipi kilitukwamisha, tubadilishe nini mzunguko ujao. Ukiwa shabiki wa Namungo ya Ruangwa utaelewa haraka. Kocha hangoji ligi iishe ndipo aseme beki wa kulia anapitwa; husema wakati wa mapumziko, mechi ikiwa bado inaokoleka.

Ugumu wake kwetu ni heshima. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa mbele za watu, na malezi hayo ni mema. Lakini katika timu ya programu, aliyeona kosa anaweza kuwa mdogo kuliko wote, na akinyamaza, kosa linapanda bei kila siku. Dawa ni utaratibu unaokosoa kazi bila kumgusa mtu. Timu hukubaliana kwamba hakuna programu inayoingizwa bila kukaguliwa na mwenzako, awe mkubwa au mdogo, hivyo kukaguliwa si aibu tena. Huandika pia majaribio ya kujiendesha: programu ndogo zinazoangalia, kwa mfano, kama gunia la kilo 80 na la kilo 75 bado zinaleta jumla ya 155 baada ya mtu kubadilisha kitu. Kompyuta haimwogopi mkubwa. Matoleo yote ya kazi hutunzwa kwa zana kama Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, ili likiharibika toleo la leo warudi kwenye la jana.

Ajaili haifai kila mahali kwa kiwango kilekile. Daraja la mto huwezi kulijenga nusu ukawauliza wapita njia wanaonaje. Pia ikiwa mteja hapatikani, yaani karani hana hata saa moja ya kukaa na timu, mizunguko mifupi haina faida, kwa kuwa hakuna wa kusema "hapa mmekosea". Ukiulizwa changamoto za mbinu hii, anza na hiyo kabla ya kutaja gharama.

Swali la kujipima: Shule ya kutwa wilayani Nachingwea inataka programu ya kurekodi mahudhurio ya wanafunzi. Timu imependekeza kukusanya mahitaji yote mwezi Januari na kukabidhi programu mwezi Novemba. (a) Taja jina la mbinu iliyopendekezwa. (b) Eleza hatari mbili za pendekezo hilo kwa kutumia mifano ya shule hiyo. (c) Pendekeza kitu kimoja ambacho timu ingeweza kumwonyesha mwalimu wa darasa baada ya wiki mbili, na swali ambalo ingemuuliza. Katika sehemu (c), jibu lisemalo "programu yote" halipati alama. Lililo sahihi ni dogo, kwa mfano orodha ya darasa moja yenye sehemu ya kuweka alama ya aliyepo na asiyepo.