Kugawa Nyumba ya Mji Mkongwe: Kibali Huanzia Chooni

Mwenye nyumba ya ghorofa Mji Mkongwe, Unguja, akitaka kuigawa fleti tatu za kupangisha, mawazo yake huenda kwenye kuta: wapi pazibwe, wapi patobolewe mlango. Kazi ngumu iko kwingine. Fleti tatu ni vyoo vitatu na majiko matatu, na nyumba zile hazikujengwa kubeba maji mengi juu.

Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Bomba likivuja ndani ya ukuta, maji hunywewa na chokaa mpaka yafike pale ncha ya boriti ilipochomekwa. Boriti huoza kuanzia hapo, mahali pasipoonekana. Ukiongeza kiwambaza cha matofali ya saruji, umeitwisha boriti hiyohiyo mzigo mwingine.

Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, na ujenzi wake unasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Basi kabla fundi hajashika nyundo, omba kibali chake, na kwa ombi hilo tayarisha ramani ya nyumba ilivyo sasa na ramani ya mabadiliko unayoyataka. Hakikisha pia nani mwenye mali: nyumba nyingi ni za Serikali au za Wakf, na mpangaji, hata awe amekaa miaka thelathini, hana haki ya kuigawa bila ridhaa ya mwenyewe.

Kwenye ramani, panga vyoo upande mmoja, kimoja juu ya kingine, na mabomba yapite wazi upande wa ua ili yakivuja yaonekane. Viwambaza viwe vya mbao, lipu iwe ya chokaa, kwa kuwa saruji huufungia ukuta unyevu ndani. Ngazi ya pamoja isipunguzwe. Moto ukizuka, mara nyingi ndiyo njia pekee ya kutokea.

Choo cha tatu kikikosa njia ya bomba, gawa fleti mbili. Kubadilisha boriti zilizooza kutameza kodi ya hiyo fleti ya tatu kwa miaka.