Fulana Iliyonitetea

Kwa miaka mingi nimeishi na kipandauso, maradhi yaijuayo njia ya kwangu kuliko jamaa zangu. Kikija, upande mmoja wa kichwa hudunda kama ngoma, chakula hukataa kutulia tumboni na mwanga wa dirisha huwa adui. Huweza kudumu saa 4. Huweza pia kutimiza saa 72. Kikiondoka, hujitokeza chumbani mtu mzima, asiye na bandeji wala mkongojo. Hapo ndipo kesi huanza.

Kazini mkubwa wangu aliwahi kuniuliza nililewa wapi. Jirani naye alinong'ona kwamba nina mashetani. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Walisahau kuongeza kuwa mlalaji huchoka pia kuwaeleza watu habari za kunguni hao.

Juzi mpwa wangu aliniletea fulana yenye maandishi kifuani: "Sijanuna. Ni kichwa." Nilicheka, kisha nikaona haya. Hatimaye niliivaa ndani ya koti, nikaenda nayo ofisini. Kichwa kilipoanza, nilifungua vifungo. Karani aliisoma, akacheka, akazima redio bila kuombwa. Maelezo yangu ya miaka yote hayakuwahi kuizima redio ile.

Ndugu msomaji, usidhani haya ni mambo ya ugenini. Mavazi yetu ya Pwani yalianza kusema zamani. Mjini Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijipatia sifa kwa leso zenye nembo ya "Mali ya Abdulla". Neno lisilosemeka mbele ya mkwe husemwa na leso, na hakuna awezaye kuishtaki leso. Kwa nini basi kichwa kinyimwe yake? Mimi ningeiandika: "Kichwa changu, kelele zenu."

Hata hivyo, mzaha huu ni wa mgonjwa mwenyewe. Mzima akiuvaa ili kuwacheka wanaougua, umekuwa matusi. Wala fulana si dawa. Wengi wetu humeza vidonge vya dukani kama njugu, ilhali kuvitumia siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, kwaweza kuzaa maumivu mapya ya kichwa. Na kichwa kinachopasuka ghafla kuliko kilivyowahi kuuma, au kinachoandamana na kupooza, ni cha kukimbizwa hospitalini. Hapo hapana kicheko.

Wiki iliyopita kipandauso kilirejea. Nilifungua koti, nikaomba ruhusa. Mkubwa wangu, yule yule wa swali la ulevi, alinisindikiza hadi mlangoni. Akasita, kisha akauliza kwa sauti ya chini fulana hiyo yapatikana wapi. Mkewe, alisema, hujifungia chumbani siku nzima kila mwezi, na miaka yote hii yeye amekuwa akimwambia kwamba anajifanya.

Nimemwagizia moja. Naye nimemsihi amwombe radhi mkewe kabla ya kumkabidhi.