Je, Wajua? Songea na Kovu Lisilofichwa

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Songea imevunjikiwa na koleo zaidi ya mara moja, na bado nyundo inagonga. Haya hapa machache ya kumsimulia jirani yako ndani ya basi.

Je, wajua kuwa ukitaja Songea umemtaja mtu aliyenyongwa? Nduna Songea Mbano alikuwa kiongozi wa vita wa Wangoni katika Majimaji, vita dhidi ya utawala wa Wajerumani vya 1905 hadi 1907. Wajerumani walimnyonga mwaka 1906. Leo wapiga debe wanaliita jina lake stendi kutwa nzima, na limeandikwa kwenye vioo vya mabasi.

Je, wajua kuwa Wangoni walifika Ruvuma wakiwa wameshapoteza nchi yao ya kwanza? Chimbuko lao ni kusini mwa Afrika, walikoondoka wakati wa vita vya zama za Shaka. Chini ya Zwangendaba walivuka mto Zambezi Novemba 1835, jua lilipopatwa. Kiongozi huyo alifia Ufipa, mbali na alikozaliwa. Watu wake waligawanyika, wengine wakateremka hadi Ungoni, huku Ruvuma.

Je, wajua kuwa dawa iliyoshindwa kuzuia risasi iliweza jambo jingine? Maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambayo wapiganaji waliamini yangewakinga, yaliwaweka upande mmoja watu waliokuwa wakivamiana jana yake. Vita vilishindwa, lakini kumbukumbu ya kusimama pamoja ikabaki.

Je, wajua kuwa miongoni mwa viongozi wa Majimaji huku Ungoni alikuwamo mwanamke? Ni Nkomanile wa Kitanda, ambayo sasa iko Namtumbo. Yeye ndiye aliyempokea Omari Kinjala, mleta maji. Naye alinyongwa.

Je, wajua kuwa tarehe 27 Februari huko Songea si siku kama nyingine? Siku hiyo mwaka 1906 Wajerumani waliwanyonga wapiganaji kwa makumi, wakazikwa katika kaburi moja. Ukimjumlisha Songea Mbano, mashujaa wanaotajwa ni 67. Simulizi ya wenyeji inasema Wajerumani walitaka kumwachia yeye, akakataa kubaki hai wenzake wakiwa chini. Alinyongwa siku chache baadaye, na kaburi lake liko peke yake.

Je, wajua kuwa njaa iliua wengi kuliko bunduki? Askari wa Kijerumani walichoma mashamba na maghala ili watu wasalimu amri. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Je, wajua kuwa Peramiho iliteketea kwa moto? Misheni hiyo ya Wabenediktini, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa na wapiganaji wa Majimaji Septemba 1905. Mwezi mmoja kabla, mwanzilishi wake, Askofu Cassian Spiss, alikuwa ameuawa akiwa safarini kuelekea Liwale. Ilijengwa upya hapo hapo. Leo wagonjwa wa Ruvuma wanapelekwa Peramiho kutibiwa, wajukuu wa waliopigana wakiwamo.

Je, wajua kuwa adui wa juzi ndiye anayekuchekesha msibani leo? Wangoni na Wahehe walipigana vikali kati ya 1878 na 1882. Sasa ni watani. Mtani akifika msibani haombi ruhusa: anaigiza mwendo wa marehemu, anadandia jeneza, anashuka kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Mfiwa ambaye hajafumbua mdomo siku tatu anajikuta akicheka, machozi yakiwa bado shavuni. Hakuna anayemwambia "jikaze". Anaachiwa alie, na anaachiwa acheke.

Je, wajua kuwa Majimaji ilifika Umoja wa Mataifa? Mwaka 1956 Julius Nyerere aliieleza huko kama vita vya watu wasioamini kwamba mgeni ana haki ya kuwatawala. Chama chake, TANU, kilidai uhuru uleule bila kushika mkuki.

Je, wajua kuwa kijiji cha Litowa kilianza kwa kushindwa? Mwaka 1960 vijana wa TANU walikwenda kulima pamoja, chakula kikawaishia, wakarudi makwao. Walijipanga, wakarejea. Kutoka hapo kikakua Chama cha Maendeleo Ruvuma, kilichofikia vijiji 17. Septemba 1969 TANU ilikifuta. Wakati huo mawazo yake yalikuwa yameshaingia katika Ujamaa wa nchi nzima.

Je, wajua kuwa jina la vita sasa ni jina la mpira? Uwanja wa Songea unaitwa Majimaji, na timu ya mji ni Majimaji. Mashabiki wanaiita Wanalizombe, kutokana na ngoma ya lizombe.

Je, wajua kuwa radhi ilichukua miaka 117? Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, akakutana na uzao wa Songea Mbano na kuomba msamaha. Familia inaamini kichwa cha babu yao kilipelekwa Ujerumani. Siku hiyo kilikuwa bado hakijapatikana. Wamelea watoto, wamelima, wamesomesha, na hawajaacha kukiulizia.

Ukipita Songea, shuka. Makumbusho ya Majimaji yako Mahenge, hapo hapo mjini, na kila Februari wenyeji hukusanyika pale kuwakumbuka waliolala. Nenda na mtani wako.