Riwaya za Kujenga Milki: Ubora na Udhaifu Wake

Utangulizi

Miongoni mwa tanzu mpya za fantasia zinazowavutia vijana ni riwaya za kujenga milki. Utanzu huu umechota kanuni zake katika michezo ya kompyuta, hasa ile ya mikakati kama Civilization ya Sid Meier (1991). Mhusika mkuu hujikuta katika ulimwengu mwingine, hupata kijiji kidogo, kisha hukikuza hatua kwa hatua hadi kikawa dola. Nguvu zake, idadi ya raia na akiba ya chakula mara nyingi huelezwa kwa tarakimu na ngazi, kama mchezoni. Mifano maarufu imetoka Japani: Log Horizon ya Mamare Touno, iliyoanza kutolewa kwenye intaneti mwaka 2010, na masimulizi ya Fuse ya mwaka 2013 kuhusu mtu aliyezaliwa upya akiwa kiumbe laini kama ute.

Milki za kubuni si ngeni katika Kiswahili. Shaaban Robert alitupatia Kusadikika mwaka 1951. Tofauti ni kwamba yeye aliuliza kama milki ina haki, ilhali utanzu huu huuliza milki inakuaje.

Katika makala hii tunaupima utanzu huu kwa makazi mawili ya kweli nchini Malawi: jiji la Lilongwe na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Umbali kati yake ni zaidi kidogo ya kilomita 40, lakini yalikua kwa njia zinazopingana. Isitoshe, Dzaleka Kiswahili ni lugha ya kila siku.

Ubora

Kwanza, riwaya hizi hufichua kazi ya utawala. Katika hadithi nyingi za wafalme tunaona vita na kiti cha enzi, hatuoni ghala wala kisima. Hapa sura nzima yaweza kuhusu chumvi, barabara au ushuru. Mwanafunzi wa lugha hunufaika kwa msamiati wa kilimo, ujenzi na sheria.

Pili, msuko wake una mantiki. Chakula kikitosha, watu huongezeka. Watu wakiongezeka, maji hupungua. Kila suluhisho huzaa tatizo jipya.

Tatu, baadhi ya riwaya hizi hujali wageni. Katika kazi ya Fuse, viumbe waliosukumwa na njaa hatimaye hupewa makazi na kazi.

Msimulizi wa aina hii angejisikia nyumbani Lilongwe. Jiji hilo lilichukua nafasi ya Zomba kuwa makao makuu mwaka 1975, kwa uamuzi wa Rais Kamuzu Banda. Mitaa yake iliitwa kwa namba: Area 3, Area 18, Area 25. Kuna mtawala, ramani na hesabu.

Udhaifu

Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa kabla ya kuwa kambi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini. Hapa pia tarakimu zimejaa: idadi, mgao, namba ya usajili. Ila zinaonekana kutoka chini.

Ndipo udhaifu unapojitokeza. Riwayani akiba ikishuka kutoka 100 hadi 50, mtawala hukuna kichwa. Kambini mama hugawa sufuria moja. Riwayani ardhi huwa tupu ikimsubiri mjenzi. Dzaleka imezungukwa na wenyeji wenye mashamba yao. Riwayani kila wazo hutoka kwa mtawala. Tamasha la Tumaini, linalowaleta wageni kambini tangu 2014, lilianzishwa na mshairi mkimbizi kutoka Kongo, Menes La Plume. Tena riwayani ngazi hupandwa bila kukoma, wakati maisha ya mkimbizi kwa sehemu kubwa ni kungoja. Utanzu unaopima kila kitu kwa ukuaji hauna namna ya kusimulia miaka ya kungoja.

Log Horizon hupunguza kasoro hii kwa kiasi fulani: wachezaji hutambua kwamba wenyeji waliodhaniwa kuwa sehemu ya mchezo wana akili, jamaa na serikali yao.

Hitimisho

Hatushauri utanzu huu utupwe. Tunapendekeza zoezi hili darasani: mwanafunzi atunge ukurasa mmoja wa mtawala akihesabu raia wake, kisha auandike upya kwa nafsi ya kwanza, msimulizi akiwa mmoja wa waliohesabiwa. Katika Kusadikika anayezungumza kwa siku kadhaa barazani ni Karama, naye ni mshtakiwa. Atakayetunga riwaya ya milki kwa Kiswahili na aanzie hapo.