Tope Lishalo, Tope Lifunikalo: Mimea ya Chini ya Maji Katika Ziwa Naivasha

Tumezoea kuuita kila mmea wa majini gugumaji. Istilahi hiyo ina dosari, kwani gugu ni mmea usiotakikana, ilhali ipo mimea iliyozama ziwani ambayo ndiyo maficho ya samaki wachanga na malisho ya ndege aitwaye kukuziwa. Makala haya yanaiita mimea zamifu, na yanadhamiria kueleza kinachoistawisha na kinachoiangamiza.

Mashapo, yaani udongo, mchanga na mabaki ya viumbe yanayotuama sakafuni mwa ziwa, ndiyo shamba la mimea hii. Sehemu kubwa ya fosforasi yake huvutwa na mizizi kutoka humo. Hata hivyo, mchanga mtupu hauna rutuba ya kutosha, na tope lililosheheni mabaki yanayooza huishiwa oksijeni, mizizi ikadhurika.

Mashapo yayo hayo yakielea majini hugeuka pazia. Ung'avu wa maji hupimwa kwa sahani ya Secchi, ambayo huteremshwa kwa kamba hadi isionekane tena. Mwanga ukipungua, baadhi ya mimea hurefusha shina kuufuata juu na kupunguza mizizi, hivyo wimbi huing'oa kwa urahisi. Ikishatoweka, sakafu hubaki wazi, upepo hutibua tope na giza huzidi. Hapo mimea mipya hupata taabu kushika, hata pale ambapo rutuba ni tele.

Huko Naivasha, Mto Malewa huleta udongo kutoka miteremko ya Nyandarua. Mafunjo ya kaskazini mwa ziwa yaliuchuja, lakini kilimo na mifugo vimeyapunguza mno. Si haki, lakini, kuulaumu udongo peke yake. Kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya Marekani, waliingizwa ziwani mwaka 1970. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mimea zamifu ilikuwa imetoweka karibu yote katika ziwa kuu. Kamba walipopungua, ikarejea. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 akazidi samaki wa kigeni afukuaye tope kutafuta chakula.

Isitoshe, kuna suala la kina. Maji ya ziwa yalipanda sana kati ya 2010 na 2020. Mmea uliomea palipokuwa na kina cha mita mbili ukifunikwa na mita nne, hupoteza mwanga hata kama maji hayakuchafuka hata kidogo.