Sauti ya kompyuta yako ya Linux iko chini? Tafuta kwanza robine yenye imefungwa

Muziki unacheza, sauti umeipandisha mpaka mwisho, lakini mtu mwenye kukaa upande ingine wa meza hasikii kitu. Swali hili linarudi sana kwa watu wenye kutumia Linux kwenye kompyuta za mezani, zaidi zile zilizokwisha kutumika ngambo kabla ya kufika kwetu. Wengi wanakata shauri haraka: kadi ya sauti imekufa. Basi wanatoa franga, wananunua ingine. Na kumbe mara nyingi kadi ilikuwa nzima.

Juu ya nini inakuwa vile?

Kwenye Linux, sauti inapita mahali pane kabla ya kufika masikioni. Kwanza ni programu yenyewe, kwa mfano VLC ao Firefox: kila moja iko na sauti yake. Pili ni programu yenye kukusanya sauti zote pamoja. Kwa Ubuntu, tangu toleo 22.10 la mwaka 2022, hiyo ni PipeWire. Mbele yake ilikuwa PulseAudio. Tatu ni ALSA, yenye kuzungumza na kadi ya sauti. Nne ni waya na mabafle.

Fikiria maji kwenye bomba moja lenye robine ine. Ukifungua tatu mpaka mwisho na ya ine imebaki nusu, utapata maji kidogo tu. Na alama ya sauti kwenye kona ya kioo haigusi robine zote.

Anza na mikono

Angalia nyuma ya kompyuta. Tundu la kijani njo la kutoa sauti. La buluu ni la kuingiza sauti, la rozi ni la mikro. Waya wenye haujaingia mpaka ndani unaleta sauti ndogo, ao ya upande moja.

Kisha uliza: mabafle yako iko na umeme wake yenyewe? Kama ni bafle tupu, yenye haina amplifikateri, kompyuta peke yake haiwezi kuisukuma. Itanong'ona tu, hata ufanye nini kwenye programu. Chomeka kaske kwenye tundu lile lile la kijani: kama kwenye kaske sauti ni kubwa, shida iko kwa mabafle.

Jaribu pia kusikiliza kitu kingine. Kama ni fishie moja tu yenye sauti ndogo, basi ilirekodiwa vile, kompyuta haina kosa.

Sasa programu

Kwa Ubuntu na Debian, fungua terminali na uandike:

sudo apt install pavucontrol

Fungua pavucontrol wakati muziki unacheza. Ukurasa wa kwanza unaonyesha kila programu na sauti yake. Kama siku moja ulishusha Firefox mpaka asilimia 30, mashine inaweza kuwa inaikumbuka mpaka leo. Ukurasa wa tatu unaonyesha sauti inatokea wapi: hakikisha si HDMI, ni kusema kioo, njo imechaguliwa, na pande mbili, kushoto na kuume, ziko sawa.

Robine yenye watu wanasahau

Kama bado, andika kwenye terminali:

alsamixer

Kama haiko, ongeza kwanza alsa-utils kwa njia ile ile. Bonyeza F6 na uchague kadi yako ya kweli, kwa sababu ile yenye inaonekana kwanza mara nyingi iko na mstari moja tu. Sasa utaona mistari mingi: Master, PCM, Headphone, Speaker, Front. Mishale ya kushoto na kuume inakupeleka toka mstari moja mpaka mwingine, mshale wa juu unapandisha. Chini ya mstari ukiona MM, umefungwa: bonyeza M, na itakuwa OO. Hapa njo watu wengi wanakuta Master iko 100, lakini PCM ao Front imebaki 40.

Ukimaliza toka kwa Esc, kisha andika:

sudo alsactl store

Usiruke hii. Kwa kawaida Linux inaandika mipango hiyo wakati unazima kompyuta vizuri. Kwetu umeme unakatika gafla, na kesho yake unaweza kukuta sauti imerudi chini.

Usikimbilie 150

Mipango ya sauti inaweza kukuruhusu kupita asilimia 100. Hiyo haifungui robine. Inakuza tu hesabu za sauti, na mahali penye nguvu sauti inakatika na kukwaruza. Kwa kusikiliza habari kidogo, haina neno. Lakini kwa mwenye kufanya montaje ya emisio ni hatari. Anasikia sauti ndogo kwenye kaske, anapandisha fishie yenyewe, na kwake inakuwa sawa. Msikilizaji nyumbani anapokea sauti yenye kupasuka, na sauti iliyokwisha kupasuka hairudi vizuri tena. Ukiwa kwenye montaje, amini vipimo kwenye kioo kuliko masikio: kilele cha sauti kisigonge 0 dB, kibaki chini kidogo, tuseme -3 dB.

Na kama zote ziko wazi na sauti bado ndogo? Anzisha kompyuta na Linux ya kwenye ufunguo wa USB, bila kuiingiza ndani ya diski. Kama hata pale sauti ni ndogo, sasa unaweza kusema kadi iko na shida. Hata vile usinunue mashine mpya: kadi ndogo ya sauti yenye kuchomekwa kwa USB inatosha, na Linux inazijua nyingi bila kuongeza programu yoyote.